Mkono Nyuma ya Goti

Lembris wa eksirei nilimgombeza mpaka akavua miwani. Nikigomba huwa sichagui maneno, hilo nusu ya Karatu inalijua, na siku ile niliona amenitafuta mwenyewe. Nilikuwa nimemwomba picha ya goti, goti tupu, la msichana mmoja wa Endulen anayeitwa Naipanoi. Ananiletea picha ina goti, sawa, na nyuma ya goti kuna vidole vinne.

Vidole vya mtu. Mifupa myembamba, imejipanga vizuri, imeukumbatia mguu kwa nyuma kama mama anavyomshika mtoto anayejifunza kusimama. Hata kucha ungedhani unaziona.

"Lembris," nikamwambia, "wewe ni mtu wa eksirei au mpiga picha za harusi? Unamwachaje ndugu wa mgonjwa aingie mle ndani amshike mguu? Unataka kumchoma mtu na mionzi bure?"

"Dokta Sabina, haki ya Mungu sikuingiza mtu."

"Sasa hivi ni vya nani? Vyangu?"

"Alikuwa peke yake. Mama yake alibaki nje, mlango nimefunga mwenyewe. Dokta, kama ningetaka kukudanganya ningetafuta uongo mzuri kuliko huu."

Nikamrudisha akapige nyingine. Ya pili ikatoka safi, goti peke yake. Nikamwambia unaona sasa, kumbe ukiambiwa unaweza. Akaondoka anatikisa kichwa. Ile ya kwanza nikaitupa mezani nikaendelea na wagonjwa, maana foleni ilikuwa imefika getini na ubaridi wa Julai ulikuwa umetuletea kila mwenye kifua kuanzia Rhotia mpaka huku.

Mimi ni daktari wa mifupa. Kwetu ni upande wa Mbulu, nimesomea huku na kule, nikarudi kunyoosha watu miguu. Na huku hiyo kazi haiishi. Maji yetu yana madini, magadi tunayopikia maharage yana madini hayo hayo, ndiyo maana tunacheka kwa meno ya kahawia, na watoto wengine wanakua na matege. Ya wengi ni madogo, wanacheza nayo mpira na wanafunga magoli. Ya Naipanoi hayakuwa ya kuchezea. Alikuwa na miaka ishirini tu, lakini goti lake la kushoto lilikuwa limesagika upande wa ndani kama la bibi kizee.

Walikuja wawili, yeye na mama yake, Nalotuesha, mwanamke mrefu wa mashuka mawili na shanga za shingoni, asiyependa maneno mengi. Nilianza kumsalimia kwa Kimaasai changu cha kuokoteza, yeyo, yaani mama, takwenya, akaitikia iko, kisha akakaa mwisho kabisa wa benchi. Naipanoi akakaa mwisho wa pili. Katikati yao palibaki nafasi ya mtu mmoja, na muda wote waliokaa hakuna aliyeisogelea.

Niliwaambia ukweli bila kuzunguka. Mguu huu ukiachwa hivi, miaka michache ijayo binti hatautembelea, atatambaa. Tiba yake ni kuukata mfupa wa ugoko chini kidogo ya goti, kuunyoosha, na kuufunga na vyuma mpaka uunge ukiwa umenyooka. Tukimaliza huu wa kushoto na ukapona, ndipo tutaufikiria wa kulia.

"Na damu?" mama akauliza.

"Itatoka kidogo, yeyo. Ya kawaida."

"Si ya mbele. Ya nyuma."

Nikaacha kuandika nikamtazama. Wagonjwa wangu huniuliza kama watahisi maumivu, kama watacheza ngoma, kama chuma kitapata kutu mwilini. Damu ya nyuma hajawahi kuniuliza mtu, wakati mimi mwenyewe ndiyo inayoninyima raha. Nyuma ya goti, pale penye shimo laini, unapita mshipa mkubwa unaoulisha mguu mzima. Unapoukata mfupa kwa msumeno, huoni nyuma. Ukizidisha kidogo tu umeugusa mshipa, na ukishaugusa mguu umekwenda, na pengine mtu naye amekwenda. Kwa hiyo goti tunalikunja ili mishipa ijiachie, kisha tunapitisha chuma bapa, butu, nyuma ya mfupa, kiukinge msumeno ukija.

Nilimweleza hayo yote. Akasikiliza bila kupepesa.

"Kuna mtu wa kwenu amewahi kupasuliwa mguu?" nikauliza. "Dada yake, kaka yake, yeyote wa tumbo lako?"

"Hakuna." Alijibu hata sijafunga mdomo.

Naipanoi aliinamisha kichwa. Nikainuka nikamshika nyayo kutafuta mapigo, kama ninavyofanya kwa kila mgonjwa. Mapigo yalikuwepo, mazuri tu, pande zote mbili. Lakini mguu wa kulia ulikuwa wa moto na wa kushoto ulikuwa baridi, baridi ya kitu kilicholala nje kwenye umande.

"Huu umekuwaje?"

"Huwa unakuwa hivyo akiwa ameu—" Naipanoi akaanza, na mama yake akamkatiza kwa Kimaasai, neno moja, kali. Mimi nikaona ni mambo ya mama na mwanawe, nikawapangia siku.

Siku yenyewe ukungu uliteremka kutoka ukingo wa kreta ukafunika mji mzima, ukaingia mpaka kwenye korido za hospitali. Nilikuwa nakimbilia chumba cha upasuaji na kikombe cha chai mkononi. Nalotuesha akanizuia njia. Hakunisalimia.

"Daktari, tulikuwa na ndama."

"Yeyo, nina haraka."

"Ndama jike, wa kwanza. Mzuri. Miguu yake ilipinda. Tukampeleka mbali sana kwa watu wenye visu, wamnyooshe. Wakakata mbele, damu ikatoka nyuma. Wakasema njia yake ya damu imelala juu ya mfupa, haiko mahali pa ndama wengine. Mguu ukawa mweusi. Ndama hakuinuka." Alinishika mkono. "Na huyu uliye naye ni wa tumbo hilo hilo."

Jamani, chai ilikuwa inapoa, na mimi nilisikia ndama. "Mama yangu," nikamwambia, "mimi si daktari wa mifugo. Mwanao yuko kwenye mikono salama. Nenda kakae."

Akaniangalia kwa namna ambayo mpaka leo ikinijia nageuza uso. Kisha akaenda akakaa.

Ndani, Josephati alikuwa ameshamaliza kazi yake. Josephati ndiye mtu wetu wa usingizi, mnene, mtani, hamwachi mgonjwa aogope peke yake. Alikuwa amemchoma Naipanoi sindano ya ganzi ya mgongoni, kwa hiyo binti yuko macho, anaongea, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari. Akamfinya paja kwa koleo. Akamfinya kidole gumba.

"Unasikia?"

"Hapana, kaka."

"Na hapa?"

"Hapana."

"Basi hiyo miguu si yako tena, ni ya Dokta Sabina. Usimwambie lakini kwamba nimesema hivyo, atanila mzima."

Naipanoi akacheka. Tukamwekea pazia kifuani asituone tunachofanya. Leonida, muuguzi wangu, akanikabidhi kisu, tukasali kimyakimya kama kawaida yetu, nikakata ngozi upande wa ndani wa ugoko. Kila kitu kilikwenda vizuri. Mfupa ukaonekana, mweupe, na mimi nikanyoosha mkono kuomba kile chuma bapa.

"Dokta," Naipanoi akasema kutoka ng'ambo ya pazia, kwa adabu kabisa, "naomba umwambie aliyeushika mguu wangu asibane sana."

Tukatazamana. Leonida mikono yake ilikuwa juu ya meza ya vifaa. Mimi yangu ilikuwa hewani.

"Hiyo ganzi inakuchezea, mdogo wangu," Josephati akasema. "Hutokea. Mwingine alisema miguu yake imekwenda sokoni Mang'ola kununua vitunguu."

"Si ganzi, kaka. Ni mkono. Uko nyuma ya goti. Vidole vya baridi."

Nikainua macho kwenye ukuta tulikotundika picha. Pale kwenye taa ilikuwa imewekwa picha ya kwanza, ile niliyoitupa. Nani aliitundika, sijui. Wote waliapa si wao. Vile vidole vinne vilikuwa pale pale nyuma ya goti.

"Naipanoi," nikasema, na sauti yangu niliiona si yangu, "mkono wa nani?"

"Mama amekuambia habari za ndama?" akauliza.

"Ameniambia."

"Hatujawahi kuwa na ndama huyo, dokta. Kwetu mtu akifa jina lake halitajwi tena. Ukilitaja umemwita. Mama anasema ndama ili asisikie kwamba anasemwa yeye. Alikuwa dada yangu, mzaliwa wa kwanza. Alikuwa na matege kunizidi mimi. Wakamnyoosha mguu, akafa." Akavuta pumzi. "Mimi sijamtaja hata siku moja. Lakini huwa anakuja tu, ananishika mguu. Tulilala pamoja tukiwa wadogo, alikuwa ananishika hivyo hivyo nisianguke kitandani."

Khaa! Sijui nilimkasirikia nani zaidi. Nilimkasirikia yule mama aliyeniambia hakuna, hakuna, wakati kuna. Nikamkasirikia yule ndama. Nikajikasirikia mwenyewe na kikombe changu cha chai. Nimekaa na Wamaasai miaka yote hii, nawauliza je, kuna ndugu aliyepasuliwa, na sikuwahi kufikiri kwamba aliyekufa kwa kupasuliwa hawezi kuwa jibu la swali langu. Wapo watu wachache, na mara nyingine ni wa familia moja, ambao mshipa wao hauteremki nyuma ya msuli kama wetu. Unakatiza mbele, unalala juu ya mfupa wenyewe. Kile chuma changu kingepita nyuma yake, na mshipa ungebaki upande mmoja na msumeno. Ndivyo alivyokufa dada mtu. Na mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono kukipokea.

"Nafunga," nikasema. "Leonida, niandalie uzi. Nafunga, naye aende Moshi akapigwe picha kwenye mashine kubwa."

"Usifunge, dokta." Naipanoi alianza kulia. "Ukifunga, mama ataona ndama ameniokoa na hatanileta tena popote. Namjua mama yangu. Nitakaa nyumbani mpaka nianze kutambaa. Tafadhali. Dada mwenyewe hajakataa. Angekataa angenivuta."

"Anafanya nini sasa?" Josephati aliuliza, na hakukuwa na utani hata kidogo.

"Anashika tu. Kuna kitu anakisogeza nyuma."

Mnisamehe wasomi wenzangu. Nilipitisha kidole changu pale, nimekibana kwenye mfupa, nikakiteleza kidogo kidogo kuelekea nyuma. Na pale, juu ya mfupa kabisa, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu, mshipa ulikuwa unadunda chini ya ncha ya kidole changu. Ungedhani ndege mdogo amefunikwa na kitambaa. Nikaubandua taratibu, pamoja na ile ngozi nyembamba inayofunika mfupa, ili usichubuke. Ukaachia. Nikapitisha chuma kati yake na mfupa, nikampa Leonida mpini akaushika.

Lakini nafasi ilikuwa finyu mno. Kila Leonida alipotulia, chuma kiliteleza upande, na mshipa ukataka kurudi kwake, mahali ulipozoea kulala. Nikakiweka sawa, kikateleza. Nikakiweka tena. Nikaacha kidole changu cha kushoto ndani kiulinde, mkono wa kulia ukachukua msumeno.

Hapo ndipo kidole changu kilipogusana na kidole.

Nasema kidole. Najua nyama ikoje, najua mfupa ukoje, najua uzi na pamba na chuma. Hiki kilikuwa kidole, chembamba, kimetulia ubavuni mwa changu, na ubaridi wake ulipita kwenye glavu mbili ukaniingia mpaka kwenye kiwiko.

"Leonida, toa mkono wako."

"Dokta, sijaingiza mkono." Akanionyesha. Mmoja umeshika mpini, nje. Mwingine umeshika bomba la kunyonya damu.

Nilitamani kukimbia. Nasema wazi, nilitamani niache kila kitu nitoke na gauni langu la upasuaji nikimbie mpaka Mbulu. Ila chuma kilikuwa kimetulia. Kwa mara ya kwanza tangu nianze, hakitelezi, na mshipa umekaa nyuma yake, umetulia, kama umewekewa mkono begani. Sasa ningefanya nini? Nilifanya ninavyomfanyia msaidizi yeyote anayenishikia kitu vizuri.

"Haya," nikasema kwa sauti, mbele ya watu wazima na akili zao. "Kaa hapo hapo. Usiachie mpaka nikuambie."

Hakuna aliyecheka. Naipanoi akasema polepole, "Amesikia."

Nikawasha msumeno.

Nilikata kwa subira ambayo sikujua ninayo. Kila msumeno ulipokaribia ukuta wa nyuma wa mfupa, nilikisikia kile kidole kikikaza, na mimi nikapunguza. Pa mwisho nikapamalizia kwa patasi nyembamba, nagonga kidogo, nasikiliza, nagonga tena. Mfupa ukafunguka. Nikaunyoosha ugoko, na mguu ambao ulikuwa umepinda tangu utotoni ukanyooka mbele ya macho yetu. Josephati akasema "Aisee" na akasahau kufunga mdomo. Nikafunga vyuma, skrubu juu, skrubu chini. Nikachomoa kile chuma bapa. Jasho lilikuwa linanichuruzika mgongoni na chumba kilikuwa baridi mpaka pumzi ya Leonida inaonekana juu ya barakoa.

Kisha nikafunua mguu nikaangalia unyayo.

Ulikuwa mweupe. Mweupe pee, wa nta. Nikatafuta mapigo juu ya unyayo, hakuna. Nyuma ya kifundo, hakuna.

Nilirudi ndani kwa haraka ambayo si ya heshima, nikautafuta mshipa, nikaukuta mzima. Hauna tundu, hauna mchubuko, unadunda. Lakini unadunda mpaka mahali fulani tu. Hapo ulikuwa umebonyea, umebanwa, na mbele yake kimya. Nikamwagia maji ya moto ya chumvi, nikasubiri. Nikamwagia dawa. Nikasubiri. Unyayo ukazidi kuwa mweupe, na vidole vikaanza kuwa na rangi ya majivu. Niliona mguu mweusi. Nilimwona yule mama kwenye benchi. Nilianza kusema Baba Yetu kwa Kiiraqw, na mara ya mwisho kuisema kwa Kiiraqw nilikuwa namzika bibi yangu.

"Dokta," Josephati akasema.

"Niache, Josephati."

"Dokta, ulimwambia asiachie mpaka umwambie."

"Josephati, si wakati wa utani!"

"Sitanii." Alikuwa ameweka mkono kwenye paji la uso la Naipanoi, na midomo yake ilikuwa imemkauka. "Hujamwambia."

Nikasimama pale, mikono imejaa damu, nimesoma vitabu vyote vile. Kuna wakati aibu inaisha tu. Nikainama karibu na lile goti, nikasema kwa upole, kwa sauti ninayotumia kwa wanangu.

"Haya, mwanangu. Kazi imeisha. Umeshika vizuri sana, mdogo wako amepona. Sasa achia."

Nilikisikia kile kidole kikiondoka. Kama mtu anayetoa mkono mfukoni mwako. Mshipa ukajaa, ukaruka, na damu ikateremka. Leonida ndiye aliyepiga kelele, maana yeye ndiye aliyekuwa upande wa miguu. Wekundu ulianza kisiginoni, ukapanda unyayo, ukafika kwenye vidole, kimoja kimoja. Nikaweka kidole changu juu ya unyayo na mapigo yakanigonga, moja, nyingine, nyingine, na mimi Sabina ninayeogopwa na wodi nzima nikalia ndani ya barakoa mpaka miwani ikaingia ukungu.

Nilidhani ninalia peke yangu. Ng'ambo ya pazia kulikuwa na kilio kingine.

"Naipanoi? Unasikia maumivu? Josephati, mwongeze dawa!"

"Siumwi," akasema. Alikuwa analia kama mtoto aliyeachwa njiani. "Ameachia, dokta. Hajawahi kuachia."

Nikashona ngozi.

Nje, ukungu ulikuwa umeondoka. Nalotuesha aliinuka kabla sijamfikia, akanisoma usoni. Nilimwambia mguu ni mzima, una damu, umenyooka. Nilimwambia pia kwamba nilimsikia, habari za ndama, na kwamba nisamehe, yeyo, nilichelewa kusikia. Akavishika viganja vyangu vyote viwili akavitemea mate kidogo, baraka za kwao. Kisha akageuka pembeni, upande wangu wa kushoto, ambako hapakuwa na mtu, akainama kidogo kufikia kimo cha msichana, akatema tena, kwa upole uleule.

Mguu uliunga vizuri, kuliko hata nilivyotarajia. Wiki zilizofuata nilikuwa nampitia wodini kila asubuhi namshika unyayo, na kila asubuhi ulikuwa wa moto, wa moto sawasawa na mwenzake. Watu wa vitanda vya jirani walimsifia. Alisimama kwa magongo, mguu mmoja umenyooka, mwingine bado umepinda, akatembea mpaka dirishani na kurudi. Mama yake alipiga vigelegele wodi nzima ikajaa. Naipanoi alitabasamu kwa ajili yetu, kisha akarudi kitandani akajifunika, na nilipokaa kando yake niliona kwamba usiku alikuwa amelia tena. Alilala ukingoni kabisa mwa kitanda. Ile nafasi nyingine aliiacha.

"Unauma?" nikamuuliza.

"Unauma, dokta. Unauma sana."

"Utapoa. Ukipoa kabisa ndipo tutazungumza habari za ule mwingine. Hakuna haraka, na hakuna anayekulazimisha." Wagonjwa wangu wote, nikifika kwenye mguu wa pili, hunikimbia. Mmoja wa Piyaya alinikimbia na magongo ya hospitali, mpaka leo hajayarudisha.

"Naomba uwe mapema," Naipanoi akasema.

"Mapema ya nini? Si umesema unauma?"

Alikuwa ananitazama kama anapima kama ninaweza kuambiwa jambo, na mimi nilishaelewa, na nilimwonea huruma. Nilitaka kumgombeza, nimwambie mwanangu, mguu haukatwi kwa ajili ya kutafuta mtu.

"Siku hiyo," akasema, "mtanilaza usingizi, au nitakuwa macho?"

Nikamshika mkono.

"Utakuwa macho," nikamwambia.